Nubia Cuaspud na Urefu wa Mharage

Nubia Cuaspud alizaliwa kwenye mteremko, akajifunzia kutembea kwenye mteremko, na mara ya kwanza alipopelekwa Cali, kule kwenye uwanda wa miwa, jioni alilalamika kwamba magoti yanamuuma kwa kukosa mlima. Msicheke. Huku kwetu Nariño ardhi haikulala, imesimama, na mtu akilima huwa ameegemea shamba lake kifua kwa kifua. Anayetaka kukaa kitako lazima kwanza achimbe pa kukalia.

Kazi yake ilikuwa kupima maharage. Si kuyapima kilo sokoni, la! Kuyapima yakiwa bado shambani, kwenye kituo cha utafiti kilicho juu ya korongo la mto Guáitara: urefu wa mmea, upana wa jani, wingi wa maganda, siku ua linapofunguka. Alianza kama kibarua wa palizi, ikaonekana ana mkono mtulivu, akapewa fimbo ya kupimia, na tangu hapo hakuirudisha. Ilikuwa ya mkaratusi, imechorwa mistari ya sentimita kwa chuma cha moto, imeng'aa kwa jasho la viganja vyake. Watu wakibishana pale kituoni, mmoja husema, "Basi aitwe Nubia na fimbo yake," na ubishi unakwisha. Alilipenda neno hilo kupita kiasi, nami sitamficha.

Aliyekuwa akilisema mara nyingi kuliko wote ni Hermes Pantoja, mzee wa mbegu. Hermes ndiye aliyesimamia ubatizo wa Deysi, binti wa pekee wa Nubia, kwa hiyo wawili hao waliitana kompadre na komadre, na huku kwetu hilo si jina la mzaha. Ukishamwita mtu kompadre huwezi kumdanganya, huwezi kumgombeza mbele za watu, na akifa unabeba jeneza lake.

Hermes alikuwa na mharage wake. Alikuwa ameuchavusha kwa mkono, akauchagua miaka na miaka, akatupa mibaya na kubakiza mizuri, mpaka akapata mmea mfupi, mnene wa shina, ambao upepo wa Agosti ukija kutoka volkano unainama kidogo tu na kusimama tena. Maharage mengine yote hulala chini na kuoza. Aliuita Mkaidi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na ushei astaafu, na alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: Mkaidi uingizwe kwenye majaribio makubwa ya nchi nane, ili siku moja mkulima wa Honduras asiyemjua aupande na usianguke.

Sasa nchi hizo nane zilikuwa zimekubaliana kuweka data zao za maharage kwenye hifadhi moja ya kompyuta, kila mtu asome za mwenzake. Wazo zuri. Shida ni kwamba kila kituo kilikuwa na mazoea yake. Ukiwaambia pimeni urefu, hawa wanalivuta shina linyooke, wale wanaliacha lilivyo. Ukiwaambia siku ya kuchanua, hawa wanaandika ua la kwanza, wale wanangoja nusu ya shamba ichanue. Ukizichanganya namba hizo unapata uji. Kwa hiyo uliitishwa mkutano Cali wa kuandika fasili moja ya kila sifa ya mmea, neno kwa neno, na kila kituo kikaambiwa kimlete mtu anayeshika fimbo mwenyewe, si bosi wake. Nariño ikampeleka Nubia.

Hermes alimsindikiza hadi kwenye basi. "Komadre, wakikuuliza chochote, wewe sema tunavyofanya. Basi."

"Sasa nitasema nini kingine, kompadre? Nitawaimbia?"

"Ukiimba watatufukuza kwenye utafiti kabisa."

Nubia alicheka njia nzima ya kutoka kijijini.

Mkutanoni palikuwa na baridi ya mashine na kahawa nyepesi. Mwenyekiti alikuwa Daktari Ocoró, mama mpole mwenye miwani ya kamba, na kwenye kompyuta aliketi kijana mmoja wa Cali, Fabián Lenis, mchangamfu, mdomo haufungi. Walianza na majani, wakaja maua, na baada ya chakula cha mchana wakafika kwenye urefu wa mmea. Fabián akanyoosha mikono, akasema, "Hapo kwenye urefu tumsikilize Mpasto kwanza."

Niwaambie jambo. Mji wetu mkuu ni Pasto, na Colombia nzima imeamua kwamba Mpasto ni mjinga. Kwa nini, hakuna ajuaye. Ukisikia mtu anaanza, "Palikuwa na Mpasto mmoja," jua mpumbavu wa kichekesho ameshapatikana. Mimi nimevisikia vichekesho hivyo tangu utotoni na bado hunichoma.

"Palikuwa na Wapasto wawili," alisema Fabián, "wameambiwa wapime urefu wa mlingoti. Mmoja anapanda, anateleza, anapanda, anateleza. Akapita mtu wa Cali, akang'oa mlingoti, akaulaza chini, akaupima, akawapa jibu, akaenda zake. Wapasto wakatazamana. 'Ona mjinga huyu! Sisi tunataka wa kwenda juu, yeye katupa wa kwenda pembeni!'"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Hata Daktari Ocoró alitabasamu huku akisema, "Fabián, hebu acha." Nubia naye alicheka, tena kwa sauti, kama tunavyocheka wote tukiwa ugenini, huku masikio yakimwaka moto.

Ndipo mama mmoja kutoka Guatemala, ambako nako kuna milima, akauliza swali la maana. "Kwenye mteremko je? Mnaposema kutoka usawa wa udongo, udongo wa upande gani? Upande wa juu wa mmea au wa chini? Maana ukianzia chini mmea unatoka mrefu zaidi, hata kwa kiganja kizima na zaidi."

"Swali zuri sana," alisema Daktari Ocoró. "Wengi wetu hupimia upande wa juu. Bi Nubia, ninyi mna miteremko kuliko wote. Nariño mnapimia upande gani?"

Nariño tulipimia upande wa chini. Tangu zamani. Ukisimama chini ya mmea, shamba linakuja usoni pako, unaegemea, mgongo hauumi, fimbo unaisimamisha mbele ya vidole vyako vya miguu na unasoma. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba inaweza kufanywa vingine. Sasa, ghafla, mbele ya macho yale yote, Nubia aliliona jibu lake likiwa kichekesho: palikuwa na Mpasto mmoja, alipima mharage kuanzia chini ya mharage, kwa sababu hataki kuinama. Alimwona Fabián ameshaweka mdomo tayari.

"Wa juu," alisema. "Kama ninyi."

"Safi kabisa," alisema Daktari Ocoró, na Fabián akaandika. Urefu wa mmea: kutoka usawa wa udongo upande wa juu wa mteremko hadi ncha ya shina kuu, bila kulivuta. Na mbele ya Nariño, kwenye safu ya data za zamani, akaweka alama ya kuonyesha zinafaa kutumika kama zilivyo.

Kwenye basi la kurudi Nubia alijifariji. Ni kiganja tu, alisema moyoni. Kuanzia sasa nitapima juu, kama fasili inavyotaka, na ya zamani yatajifia yenyewe. Alipofika, Hermes alimuuliza habari za huko.

"Nzuri, kompadre. Wamenisikiliza."

"Umewaambia tunavyofanya?"

"Nimewaambia," alisema Nubia, akageuka kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwemo.

Msimu ule alipima upande wa juu. Alipanda juu ya mmea, akainama kichwa chini na makalio kuelekea mbinguni, mgongo ukamlia. Wenzake walipomuuliza kulikoni alisema ndiyo mtindo mpya wa Cali. Hilo halikuwa uongo, na ndiyo sababu lilimtoka kirahisi. Hakusema kwamba mtindo mpya umebadilisha namba. Na namba za kulinganisha hazikuwepo, kwa kuwa aina nyingine zote zilizopandwa msimu ule zilikuwa ngeni, zimeletwa kutoka nchi nyingine. Wa zamani ulikuwa Mkaidi peke yake.

Kisha hifadhi ya pamoja ikafunguliwa, na kompyuta ikachambua. Majaribio makubwa yalitaka mharage usiozidi sentimita sitini. Mkaidi, kwa data za miaka yote ya nyuma, ulikuwa na sitini na tatu. Ukatupwa nje. Hermes alisoma, akavua kofia, akaivaa tena.

"Sitini na tatu," alisema. "Mimi ningeapa ni mfupi zaidi."

Nubia alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Alisikia maneno yote aliyopaswa kusema yakimpanda hadi kwenye meno. "Ngoja namba ya msimu huu, kompadre," alisema. "Labda watafikiria upya."

Ya msimu huu ikapelekwa: hamsini na moja. Na Daktari Ocoró, kwa upole wake, akauliza kwa maandishi: mbegu ile ile, shamba lile lile, imekuwaje ipungue hivi? Wangezungumza Jumatatu kwa video, vituo vyote.

Jumapili kabla ya hapo Hermes alikuja kula kwa Nubia, kama kawaida yake baada ya misa. Deysi alikuwa amekuja kutoka chuoni Pasto na alikuwa uani akigeuza simbilisi juu ya makaa. Hermes aliingia jikoni na mfuko wa kitambaa begani, akautua juu ya meza.

"Nimeleta maharage ya chungu," alisema.

Nubia aliufungua. Aliyajua kabla hajayashika, mekundu yenye jicho jeupe. "Kompadre, hii si mbegu mama ya Mkaidi, akiba yote ya kupanda?"

"Ilikuwa. Imechanganyika. Mkono wangu umechanganya mahali fulani, sijui lini. Mmea hauwezi kupungua kiganja kizima kwa msimu mmoja, komadre, isipokuwa si mmea ule ule. Kesho nitawaambia. Nitasema mbegu niliichafua mimi, wafute kila kitu chenye jina langu." Alivuta kigoda akakaa, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi. "Pika. Pika yote, sitaki kuiona."

"Lakini kwa macho yako, shambani, uliona umebadilika?"

"Macho yangu yanaupenda, kwa hiyo siyasikilizi. Fimbo yako ndiyo haina mapenzi."

Haya. Mngefanyaje ninyi? Maji yalikuwa yanachemka. Nubia alichukua bakuli, akachota maharage, akayamimina chunguni. Naam, aliyamimina! Aliniambia mwenyewe kwamba mkono ulikwenda kana kwamba ni wa mtu mwingine, akachota bakuli la pili, akamimina, na kila bakuli alijiambia, nikimaliza hili nitasema. La tatu likaingia. Mvuke ulimpanda usoni na akashukuru, kwa sababu ulimpa sababu ya kuwa na macho mekundu.

Hermes alikuwa bado anamenya. "Na nisamehe, komadre," alisema bila kuinua kichwa. "Nimekuaibisha. Watu wa Cali wataona namba mbili na watadhani ni fimbo yako iliyokosea. Nitawaambia waziwazi, fimbo ya Nubia haijawahi kusema uongo, mchafu ni mimi."

Bakuli lilimponyoka.

"Tulikuwa tunapimia chini," alisema Nubia.

"Eh?"

"Upande wa chini wa mteremko. Miaka yote. Cali waliniuliza, nikasema juu. Nikasema juu kwa sababu walikuwa wanatucheka, yule kijana alikuwa ametoa kichekesho cha Wapasto, nikaona haya. Nikarudi nikaanza kupimia juu kimya kimya. Mkaidi haujabadilika, kompadre. Mbegu yako ni safi. Mimi ndiye niliyekuwa chini, halafu nikawa juu."

Hermes alimtazama. Kisha akatazama chungu. Aliruka pale kigodani, mtu wa umri ule, akakipiga chungu teke la pembeni kikatoka motoni, maji yakamwagika jikoni kote, na akapiga magoti akikusanya maharage kwa mikono, yakiwa yanatoa mvuke, akiyapuliza, akiyatupa kutoka kiganja hiki hadi kile. Deysi akaja mbio na mwiko mkononi. "Jamani, kuna nini? Baba Hermes, unaungua!"

Yalikuwa yamekufa. Mbegu ikishaonja maji ya moto haimei tena, hata Deysi alilijua hilo. Hermes naye alilijua, lakini aliendelea kuyaokota mpaka Nubia alipomshika bega. Akalitoa bega lake.

Mfukoni, chini kabisa kwenye pembe, mlikuwa mmebaki maharage ya kujaza viganja viwili. Hermes aliyamimina kwenye kofia yake. Alisimama katikati ya lile tope la jikoni na vidole vyekundu, na aliposema, sauti yake haikuwa ya hasira.

"Kesho utawaambia wewe. Si mimi."

"Nitawaambia, kompadre."

"Sawa, Bi Nubia," alisema Hermes, akatoka, hakungoja simbilisi.

Bi Nubia. Si komadre tena. Nubia alikaa kitako pale pale kwenye maji, akajifunika uso kwa aproni, akalia kama mtoto. Deysi alimuuliza amefanya nini hata baba yake wa ubatizo aondoke bila kula, na ikabidi amwambie, mtoto wake mwenyewe, tangu mwanzo.

Jumatatu, kituoni, nyuso zilijipanga kwenye kioo cha kompyuta. Hermes alikaa pembeni, mikono imefungwa kitambaa. Nubia alisema. Alisema vibaya, kwa kurukaruka, akataja mgongo, akataja Cali, akataja kichekesho kisha akajuta kukitaja, maana ilionekana kama anamlaumu kijana. Alitarajia wacheke. Alikuwa amejiandaa kwa hilo usiku kucha. Hakuna aliyecheka. Fabián aliinamisha kichwa hadi ikaonekana kichogo tu. Ukimya huo ulimuumiza kuliko vichekesho vyote vya nchi hii.

"Hatuwezi kutoa tu kile kiganja?" aliuliza mama wa Guatemala. "Tukatoa sentimita kumi na mbili kila mahali?"

"Hatuwezi," alijibu Nubia mwenyewe. "Kila mstari wa shamba una mteremko wake. Na mteremko hatukuupima."

Daktari Ocoró alivua miwani. "Basi data za urefu za Nariño za miaka ya nyuma hazitumiki," alisema. "Mkaidi utaanza upya. Misimu mitatu. Pole, Bwana Hermes."

"Ahsante," alisema Hermes.

Hadi leo ukifungua fasili ya urefu wa mmea kwenye ile hifadhi utakuta maelezo mafupi chini yake: vipimo vya Nariño vya kabla ya fasili hii visitumike, upande wa kupimia haukuwa sahihi. Jina la mtu halimo. Wanasoma Honduras, wanasoma Guatemala, wanapita tu. Nubia huwa hapiti. Kila akifungua ukurasa ule kwa ajili ya kazi, na kazi humlazimu kuufungua, masikio humwaka kama siku ile.

Walipanda yale ya kofia. Yalitoa mstari mmoja, tena mfupi, na kila jicho la kituo lilikuwa juu yake. Hermes alistaafu kabla haujavunwa mara ya pili, wakamfanyia karamu, akapewa saa. Asubuhi iliyofuata alikuwa shambani vilevile, na kofia yake, bila mshahara, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Siku ya kupima msimu wa tatu nilikuwepo. Nubia alipanda upande wa juu wa mmea, akainama, akasimamisha fimbo. Mgongo umemzeeka, ilibidi ajishike goti. Hermes alipiga magoti upande wa chini, akafukua majani makavu kwa kidole ili udongo uonekane, kisha akainua macho kuangalia kama fimbo imekaa pale inapotakiwa. Alimwangalia kwa makini, kama anavyoangaliwa mtu mgeni kazini.

"Hamsini," alisoma Nubia. "Hamsini kamili, kompadre."

Hermes aliuzunguka mmea, akapanda hadi aliposimama yeye, akainama, akaisoma fimbo mwenyewe.

"Hamsini," alisema. "Endelea na unaofuata, Bi Nubia."